Zana zangu nyingi zilikuwa spea

Chini ya meza yangu ya kazi, Temeke, kuna ndoo ya rangi iliyojaa vitu ambavyo mtu wa vyuma chakavu angevipima kilo na kulipa hapohapo. Sahani za klachi zilizoisha, ekseli iliyopinda, plagi zilizokufa, soketi zilizopasuka, bapa la springi ya lori, goroli za beringi. Vijana wenye mikokoteni wameiulizia hiyo ndoo mpaka wamechoka. Siiuzi, maana zana ninazofungulia injini za zamani zimetoka humo.

Kazi yangu ni pikipiki ambazo mafundi wengi wa bodaboda hawataki kuzigusa: Honda C70, CG125 za mwanzo, Yamaha za tustroki zile za kuchanganya oili na petroli, Vespa, na mara mojamoja BSA ya Kiingereza iliyotolewa stoo baada ya msiba, warithi wakitaka kujua kama itawaka. Vitabu vya matengenezo vya mashine hizi vina kurasa nzima za zana maalumu za kiwanda, kila moja na namba yake ndefu. Kuagiza nje inawezekana. Ila zana ya kufungua nati moja inaweza kufika ikiwa na gharama kuliko kazi yote, na mteja anataka pikipiki yake, hataki hadithi za mzigo uliokwama.

Nilipoanza nilikuwa natazama picha ya zana kitabuni na kujaribu kuiga umbo lake. Siku hizi picha naitazama kwa jambo moja tu: hii zana inashika wapi, na nguvu yake inaishia wapi? Ukishapata majibu hayo, umbo unaamua mwenyewe. Na mara nyingi kitu chenye meno, uzi wa skrubu au kipenyo unachokitafuta kilishatengenezwa na kiwanda kilekile. Kipo kwenye injini nyingine iliyokufa.

Chukua nati ya klachi ya C70. Kwenye Honda hizi klachi haikai kwenye shafti ya gia, imekaa kwenye ncha ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, upande wa kulia, na inashikwa na nati ya duara isiyo na pembe sita. Ina mifereji minne, na nyuma yake kuna washa yenye ulimi uliokunjwa kuingia kwenye mfereji mmojawapo ili nati isijifungue. Injini nyingi zinanifikia nati hiyo ikiwa imeshakula tindo. Aliyetangulia aliweka ncha ya tindo mferejini akagonga. Labda nati ilizunguka, labda ilikataa, lakini mifereji imepanuka na kingo zimelala. Kibaya zaidi hakionekani: pigo la tindo halizungushi tu, linasukuma na pembeni, na pale pembeni pana beringi ya krenki.

Zana ya nati hiyo nimeichonga kutoka kwenye soketi kuukuu iliyopasuka upande mmoja. Tafuta soketi ambayo mdomo wake unalingana na uso wa nati. Paka nati oili chafu, ile nyeusi, kisha gandamiza mdomo wa soketi juu yake. Ukiuinua utaona pale oili haikushika: hapo ndipo penye mifereji. Weka alama kwa msumari, halafu kata kila kitu kilichobaki kwa grinda, uache meno manne yaliyosimama. Acha meno yawe manene kidogo kuliko mifereji na umalizie kwa tupa, ukijaribu kwenye nati kila baada ya mikwaruzo michache, mpaka yaingie kwa kubanwa. Meno yanayocheza ndiyo yanayoharibu nati. Na usiiachie grinda. Soketi ni chuma kilichokomazwa, joto likizidi linakirudisha ulaini. Kila mara chovya kwenye maji. Ukiona rangi ya bluu imepita kwenye jino, jino hilo litapinda siku ya kazi.

Mpaka hapo una nusu ya zana, kwa sababu ukizungusha nati, krenki inazunguka nayo. Wapo wanaochomeka bisibisi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa pili wa krenki, na ndiyo sababu flaiwili nyingi za Dar zina mapengo. Mimi natumia kamba. Leta pistoni karibu na juu kwenye mgandamizo, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, ingiza kamba kupitia tundu la plagi mpaka ijae, halafu zungusha. Pistoni inalalia kamba na krenki inakataa kwenda. Tundu la plagi la C70 ni milimita 10 tu, kwa hiyo kamba iwe nyembamba, na iwe ya nailoni laini. Katani ninaiheshimu kama Mtanzania yeyote, lakini inaacha nyuzi ndani ya silinda. Kwenye tustroki kamba naiogopa, inaweza kuingia kwenye madirisha ya silinda na kukatwa. Huko nakunja kipande cha shaba au aluminiamu laini na kukiweka kati ya gia mbili za mbele, chuma laini kinaumia badala ya meno.

Pikipiki zenye klachi kwenye shafti ya gia zinadai kitu kingine: kitovu cha klachi lazima kishikwe nati yake ikifunguliwa. Zana ya kiwandani ni mkono mrefu wenye taya. Yangu ni sahani ya chuma ya klachi iliyopinda kwa joto, imechomelewa kwenye kipande cha bapa urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Meno ya ndani ya sahani yanakaa kwenye kitovu yote kwa pamoja, yakigawana mzigo pande zote. Hakuna taya ya dukani inayoweza kushika hivyo. Kila aina ya klachi ninayoikuta mara kwa mara ina sahani yake, nimeiandika kwa tindo ubavuni. Kijana wa kuchomelea hapa jirani ameshazoea. Zamani alikuwa anauliza, "Fundi, hii nayo unaipeleka wapi?" Sasa anauliza tu mkono uwe mrefu kiasi gani.

Plagi zilizokufa ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Ukivunja kauri na kuitoa, unabaki na pipa la chuma lenye uzi sahihi kabisa wa kichwa cha silinda, kitu ambacho kukikereza upya kingekugharimu. C70 inatumia plagi ya uzi wa milimita 10, CG125 ya 12, BSA ya 14, na zote unazipata bure kwa mafundi wa barabarani, wanazitupa chini ya miguu yao. Nimechomelea bolti yenye kichwa cha mviringo ndani ya pipa moja, nikapata kizuizi cha kupimia pistoni ikiwa juu kabisa. Unazungusha krenki taratibu mpaka pistoni iguse, unaweka alama kwenye flaiwili, unarudisha upande wa pili mpaka iguse tena, unaweka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo juu kabisa. Kukisia kwa kuchungulia na bisibisi tunduni hakuwezi kukupa hivyo, kwa sababu pistoni ikifika juu inakaa kidogo bila kusogea wakati krenki bado inazunguka.

Pipa jingine nimelitia valvu ya tairi. Huyu mziba pancha wa jirani ananiazima mpira wake wa upepo, nasukuma hewa ndani ya silinda pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, halafu nasikiliza. Upepo ukipulizia kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haikai. Ukitokea ekzosi, ya kutolea ndiyo inavuja. Ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, ringi zimekwisha. Mteja naye nampa asikilize kabla hatujaongea bei. Kazi ya kufungua kichwa inakubalika kwa urahisi zaidi mtu akiwa ameusikia upepo kwa sikio lake.

Kuna zana ambazo ndooni hazimo, na kwa hizo naenda mtaa wa Gerezani, kwa wakereza vyuma. Pula ya flaiwili, yaani zana ya kuivuta itoke, ni mojawapo. Flaiwili imekaa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kuwa nyembamba kuelekea nje, ikiwa na kii ya nusu mwezi, na miaka ya kukaa pamoja imezigandisha. Kitovu cha flaiwili kimekatwa uzi kwa ajili ya pula, na kazi ya pula ni kushika uzi huo huku bolti ya katikati ikisukuma krenki. Nguvu yote inabaki kati ya kitovu na krenki. Sasa mtu akiweka pula ya miguu mitatu ya beringi na kushika ukingo, anavuta mahali pembamba, mbali na panapokatalia. Ukingo unapinda au unapasuka. Akigonga nyundo, ribiti zinazoshika kitovu zinalegea, na sumaku nazo hazipendi mitikisiko.

Mzee ninayempelekea kazi ana mashine ya kukereza ambayo naamini imenizidi umri. Mara ya kwanza nilimpelekea vipimo nilivyoandika vizuri kwenye karatasi, kipenyo 27, hatua ya uzi (umbali wa mstari hadi mstari) milimita 1, vya Yamaha moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii karatasi nifanyie nini?"

"Ni vipimo vya pula, mzee wangu."

"Mimi sikerezi karatasi. Lete flaiwili yenyewe nijaribie humuhumu."

Niliondoka na karatasi yangu nikarudi na flaiwili imefungwa mgongoni ndani ya gunia, kwenye daladala, huku krenki na nusu ya kasha la injini vikining'inia kwa sababu bila shaka krenki ilikuwa bado imegandana nayo. Alikuwa na haki yote. Uzi wa pula ni mfupi na mwembamba, ukilegea kidogo utang'oa uzi wa kitovu, na hapo flaiwili umeipoteza. Alikata, akajaribu, akapunguza kidogo mno, akajaribu tena, mpaka pula ikaingia kwa vidole na isitikisike. Akaniuliza upande wa uzi kabla hajaanza, na hilo ni swali la mtu aliyewahi kuumia: pikipiki nyingine, baadhi ya Honda ndogo zikiwemo, uzi wa pula ni wa kushoto. Kama huna macho ya kuusoma, gandamiza kipande cha sabuni kwenye uzi, mistari itabaki, na unaweza hata kuihesabu kwenye rula.

Kwenye ncha ya bolti ya katikati nimepachika goroli ya beringi kuukuu, ili isukume krenki bila kuizungushia na kuitafuna. Unakaza pula, unakaza bolti, unasubiri. Ikikataa, gonga kichwa cha bolti mara moja kwa nyundo, si flaiwili. Inaachia kwa mlio mkali unaomshtua kila anayepita.

Vespa za PX zimenifurahisha kwenye hili. Ndani ya kitovu cha flaiwili yake kuna kipete kinachoizuia nati, kwa hiyo unapoifungua nati yenyewe inageuka pula na kuivuta flaiwili nje. Aliyebuni hivyo aliwafikiria watu wa huku kwetu, hata kama hakujua tupo. Kisha ukija kwenye klachi ya Vespa hiyohiyo unakuta nati ya mifereji tena, unarudi kwenye soketi na tupa.

CG125 nayo ina unafuu wake. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa injini ya fimbo za kusukuma valvu, na viwanda vya China vikaja kuiga muundo huo kwenye pikipiki nyingi zinazobeba abiria Dar leo. Kwa hiyo kabla ya kuchonga chochote cha CG, nenda Kariakoo kwanza na kipande chako mkononi. Inawezekana zana ipo dukani kwa bei ya chakula cha mchana.

Beringi za kwenye kasha la injini hazihitaji zana kubwa, zinahitaji joto. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la beringi ya 6204 (hiyo ni namba ya ukubwa wake) lina kipenyo cha milimita 47. Ukilipandisha joto kwa nyuzi 100 hivi linaongezeka karibu sehemu ya kumi ya milimita, na hiyo inatosha. Naweka kasha juu ya bati zito kwenye jiko la mkaa, moto wa kawaida wa kuchemshia maharage, nikigeuzageuza ili joto lienee. Tone la maji likiruka na kupotea hapohapo, geuza kasha juu ya mbao na ulibamize mara moja. Beringi inadondoka. Ya kurudishia nailaza kwenye friza usiku kucha, na nyumbani wameshakubali kwamba karibu na samaki patakuwa na kifurushi kisicholiwa. Ikitoka kwenye friza na kasha likitoka jikoni, inaingia kwa vidole. Wenye kutumia nyundo na bomba wanaikwangua nyumba ya beringi kila safari, halafu baada ya muda beringi inazunguka ndani ya tundu lake na wanaanza kutafuta gundi.

Zile zilizo kwenye tundu lisilopenya ndizo zinazokera. Hapo natumia bolti ya kutanukia ukutani, ile wanayofungia grili za madirisha. Inaingia kwenye tundu la beringi, unaikaza inatanuka na kushika ndani, kisha unaivuta na kasha likiwa la moto.

BSA ni dunia nyingine, na hapa hasira zangu huwa karibu. Nati za pikipiki za Kiingereza za wakati ule zinafunguliwa kwa spana za Whitworth, mfumo uliotokana na pendekezo la Joseph Whitworth la mwaka 1841. Namba iliyoandikwa kwenye spana ni kipenyo cha bolti, haihusiani moja kwa moja na upana wa kichwa. Ile ya robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3. Spana yako ya 13 haiingii, ya 14 inaingia na kuteleza, na nati inatoka hapo ikiwa duara kama shilingi. Dawa ni rahisi mpaka inatia aibu: nunua spana ya 13 iliyotumika na uipanue kwa tupa, theluthi ya milimita tu. Ya 11 unaipeleka 11.3, ya 15 unaipeleka 15.2. Kuhusu spana za 18, nyingi zinaingia kwenye nati ya tatu kwa nane ya inchi (3/8) bila kuguswa. Seti yangu ya Whitworth yote imetokana na spana za mitumba, na nimezipaka rangi nyekundu zisichanganyike.

Uzi wenyewe una mtego mbaya zaidi. Bolti nyingi za BSA zina nyuzi 26 kwa inchi, sawa na hatua ya milimita 0.977. Bolti ya milimita 8 yenye hatua ya milimita 1 itaingia kwenye tundu la 5/16 mizunguko miwili mitatu bila tatizo, halafu inaanza kukaza. Asiyejua anadhani ni kutu, anaongeza spana ndefu, na uzi wa aluminiamu unatoka wote ukiwa umejikunja kwenye bolti. Kwa hiyo bolti ya zamani hata ikiwa imekatika situpi: kipande chake nakichana mfereji kwa msumeno kwa urefu, kinakuwa kisafisha uzi wa tundu lilelile.

Skrubu za Kijapani nazo zina siri yake. Ile alama ya msalaba ukiiona ina kinukta pembeni, haikutengenezewa bisibisi ya nyota ya kawaida. Ncha ya bisibisi yetu inagonga chini kabla mabawa hayajakaa, ndiyo maana inaruka na kula skrubu. Saga ncha kidogo tu, iwe butu, ikae mpaka ndani. Skrubu zote za upande wa klachi zitatoka bila kelele.

Kupimia pengo la pointi, ile swichi ya cheche ya plagi, au la valvu bila vipimo vya duka, wembe wa kunyolea ule wa pande mbili una unene wa milimita 0.1. Nne zikibanwa pamoja ni 0.4, kiwango cha juu cha pengo la pointi za nyingi za pikipiki hizi. Kwa valvu za C70 zinazotaka 0.05 wembe ni mnene mno. Kama wembe unapita, pengo limezidi. Zaidi ya hapo haukwambii, nunua vipimo.

Nondo usichongee zana. Ni laini, meno yake yanalala. Springi ya lori ni nzuri, ila ilainishwe kwanza: mpe mhunzi aitie moto mpaka iwe nyekundu na kuifukia kwenye majivu ipoe usiku mzima, ndipo uikate. Ukimaliza kuchonga, ipashe tena, ichovye kwenye oili chafu, halafu uirudishie joto la polepole mpaka rangi ya majani makavu itokee. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho itakatika kwa ukali wake wenyewe.

Mafundi wenzangu wanaazima. Utaratibu ni kwamba unaacha simu yako au spana yako ya thamani, na unarudisha jioni. Pula ya CG haijarudi tangu mwezi wa Ramadhani na sijaifuatilia, Kariakoo zipo. Soketi ya C70 haitoki kabisa. Ukiitaka, njoo na injini.